Jumamosi za Kisilu

Kabla sijasema lolote kuhusu Kisilu, niseme kwanza kwamba mimi ndiye niliyemponza. Beth, mke wake, hupenda kusimulia jambo hili kana kwamba makosa yalikuwa ya kanisa zima, lakini hiyo ni adabu yake tu. Makosa yalikuwa yangu, na niliyafanya nikiwa nimesimama, kwa sauti kubwa, mbele ya kamati.

Jina langu ni Muriithi. Nina duka la hadwea hapa Gatongora: misumari, rangi, mabomba, saruji. Watu wengi huniita Baba Byron. Kwa miaka ishirini na miwili nilikuwa nafungua duka saa moja asubuhi na kufunga giza likishaingia, na Jumapili nafungua baada ya ibada, na nilijivunia jambo hilo kupita kiasi. Mtu akiniambia amepumzika, nilikuwa namuuliza anapumzika kwani amechoshwa na nini. Nayasema haya ili ujue ni mtu wa aina gani aliyekuwa nyuma ya kaunta siku Kisilu alipoanza kununua msasa.

Kisilu ni jirani yangu, ploti ya tatu kutoka kwangu. Ana miaka arobaini na minane, mwembamba, mpole, mtu wa kusalimia kila anayepita. Siku za kazi huenda Thika, ambako anaendesha foklifti katika kiwanda cha kusindika matunda. Kazi yake ni kuchukua makatoni ya mananasi ya mkebe pale yanapotoka na kuyapeleka pale yanapopakiwa. Tena ni Mkamba, na hapo ndipo shida ilipoanzia, kwa sababu sisi wa huku tukisikia mtu ni Mkamba tunajua mambo mawili tu: kwamba anacheza ngoma akirukaruka, na kwamba anachonga.

Kisilu hawezi kuruka hata mtaro. Na kuhusu kuchonga, hakuwa amewahi kuchonga chochote zaidi ya penseli. Baba yake alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa chaki, na yeye mwenyewe alizaliwa na kulelewa Makongeni, Thika, katikati ya watu wa kila kabila. Lakini tangu utotoni watu wamekuwa wakimwambia awachongee twiga. Alikuwa anacheka nao. Baadaye sana aliniambia kwamba kila alipocheka kuna kitu kidogo kilichokuwa kinamchoma, kama mtu aliyeambiwa ana urithi mahali fulani na hajui ni wapi.

Mwezi wa tatu mwaka jana, upepo wa mvua uliangusha mjakaranda ndani ya ua wa kiwanda chao. Mti ukakatwa vipande ili njia ipitike. Kisilu akaomba vitatu. Beth alipoviona nyumbani alifurahi, akidhani ni kuni. Wakati wa Pasaka Kisilu akaenda ushago, kijijini kwa mjomba wake, Kyengo, ambaye aliwahi kuchonga ujanani, akarudi na tezo ya zamani, patasi mbili, na masomo ya siku mbili. Ndipo akaja dukani kutafuta msasa, nikamuuliza anataka kujenga nini.

"Sijengi," akasema. "Kuna siku nilikaa kwa foklifti nikajiuliza. Miaka kumi na tisa nimehamisha vitu. Hakuna hata kitu kimoja nimewahi kutengeneza, hata cha kuchekwa."

Nilimjibu kwamba anatengeneza mshahara. Niliona ni jibu zuri sana, hata nikamsimulia mke wangu Rachael jioni hiyo nikitarajia acheke. Hakucheka. Naye Kisilu hakubishana nami. Alikunja msasa wake akaenda zake.

Basi Jumamosi zikawa hivi. Kisilu anatoka kazini, anakula, na ikifika saa nane mchana anakaa chini ya mabati aliyoyaegemeza kando ya tangi la maji, anachonga mpaka mwanga uishe. Kitu cha kwanza alichomaliza kilikuwa kanga, yule ndege. Binti yake Becky, aliye chuoni, alikipiga picha akawatumia wenzake akiwauliza ni nini, na jibu lililotolewa na wengi lilikuwa kiazi kitamu. Kisilu alicheka hadi akafuta machozi, akakiweka kile kiazi juu ya kabati la televisheni, palipo na kitambaa cheupe, akaanza kingine. Akawa pia anapiga mluzi. Beth alisema wameoana miaka ishirini na mmoja na hakuwa anajua kwamba mume wake ana mluzi.

Mimi nilikuwa naona ni upuuzi. Mtu mzima, mwenye karo ya kulipa, anakaa chini saa nne nzima akikwangua kuni. Mara moja moja nilimwambia akifika mahali pa kuuza, aniletee vitu vyake nimwekee dukani. Hapo ndipo akili yangu ilipokuwa inafika. Akasema hauzi. Nikamwambia kila kitu kinauzwa.

Sasa nije kwenye ile kamati. Mwezi wa tisa, kanisa letu lilikuwa linajiandaa kumuaga Mzee Njau, aliyekuwa mwenyekiti wa wazee wa kanisa kwa miaka ishirini na minne. Si kwamba alikuwa anakufa au anahama. Muda wake ulikuwa umeisha, na ukweli ni kwamba hakupenda uishe. Ni mzee mkali, wa ajenda na kumbukumbu za mkutano, na hakuna harusi wala mazishi Gatongora ambayo hakuyaongoza. Waithira, katibu wetu, alikuwa anasoma mapendekezo ya zawadi. Blanketi, tangi la maji, mbuzi. Mtu akasema Mzee Njau ana blanketi za kutosha hospitali. Mwingine akasema tumpe kigoda, kile cha miguu mitatu cha kuchongwa kwa mti mmoja, maana mzee akishastaafu anastahili kukaa chini. Wote wakalipenda wazo hilo. Waithira akauliza nani anajua mahali vinapouzwa.

Nikasimama. Hakuna aliyeniita, lakini nilisimama. Nikasema kwa nini tununue na tuna Mkamba hapa ndani, kazi hii iko kwa damu yake, mimi mwenyewe ndiye ninayemuuzia msasa kila wiki. Watu wakageuka kumtazama Kisilu, aliyekuwa ameketi karibu na dirisha, wakampigia makofi. Nami nikapiga kwa nguvu kuliko wote.

Alifungua mdomo, nikamwona. Kisha akaufunga, akatabasamu, akainamisha kichwa. Waithira akaandika.

Nilipomuuliza baadaye kwa nini hakukataa, aliniambia kwamba yalikuwa matamu yale makofi. Maisha yake yote alikuwa Mkamba asiyejua kuchonga, na kwa dakika moja ndani ya chumba kile akawa anajua. Hakutaka dakika ile iishe upesi.

Kigoda cha kwanza kilipasuka. Kisilu hakuwa anajua kwamba mti usiokauka vizuri hufanya hivyo ukichongwa ukawa mwembamba. Alirudi kazini kwake akapata kipande kingine, kikavu zaidi, kutoka kwa mti uleule. Cha pili kilikuwa kinaendelea vizuri mpaka alipogundua mguu mmoja ni mfupi. Akapunguza ile miwili mingine. Ule mmoja sasa ukawa mrefu. Akaupunguza. Ukijua hadithi ya mtu anayepunguza miguu ya kiti, unajua inavyoishia: kikawa kimekaribia ardhi, na bado kimeinama upande wa kushoto. Akaanza cha tatu, na Novemba ilikuwa imeshaingia.

Alikuwa akija dukani kununua gundi. Mchongaji anayenunua gundi ana shida, hata mimi najua. Hakuwa anakaa kupiga hadithi tena. Akiniuliza bei alikuwa anatazama mikono yake.

Kisha Beth akaja peke yake, siku ya Jumanne, akangoja wateja watoke. Beth si mtu wa kupaza sauti. Aliweka kikapu chake juu ya kaunta kana kwamba ananunua kitu.

"Baba Byron, ulimpatia bwanangu kazi ya pili na hukumuuliza," akasema. "Jumamosi ndio ilikuwa siku yake. Sasa anaangalia huo mti vile anaangalia supavaisa. Amesema hiyo Jumapili ya Mzee Njau ikipita, tezo anarudishia mjomba wake. Mluzi hata sijausikia tangu mwezi wa tisa."

Nilitaka kusema kwamba ni kigoda tu, lakini nilimwona uso nikaelewa kwamba si kigoda tu. Mtu alikuwa na kitu kimoja kisichodaiwa na mtu yeyote, na mimi nikakipeleka kwa kamati. Niliona aibu, na mimi si mwepesi wa kuona aibu.

Basi nikafanya kile ninachokijua, yaani kununua. Alhamisi nilimwachia Rachael duka, nikaenda Thika mjini, nikazunguka mpaka nikapata mfanyabiashara wa vinyago aliyekuwa na kigoda nyuma ya milango ya mbao aliyokuwa anauza pia. Kilikuwa kizuri. Miguu mitatu imetulia, kiti kimebonyea kidogo pale mtu anapokaa, na mti umeng'arishwa kwa rangi ya viatu hadi ukawa mwekundu. Nikakifunga kwa gunia nikarudi nacho Gatongora. Jumamosi saa tisa nikampelekea Kisilu chini ya mabati yake.

Nikamwambia mpango wangu. Jumapili tunampa Mzee Njau hiki, tunasema ni chako, hakuna atakayeuliza, mambo yanaisha. Yeye alikuwa hanisikilizi. Alikuwa amekipindua kile kigoda magotini, anapitisha kidole gumba pale mguu unapoungana na kiti. Kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi uso wake ulikuwa umefunguka.

"Huyu mtu ako na mkono," akasema. "Ona hapa. Hakulazimisha. Amefuata vile mti unataka."

Nikamwambia vizuri sana, basi tumekubaliana. Hapo ndipo aliponitazama.

"Na wakisema niwachongee kingine?"

Kwa kweli sikuwa nimefika huko. Nilikuwa nimefika Jumapili tu, yeye alikuwa ameshafika mwaka ujao. Angechongea askofu, angechongea mbunge, angechongea kila bwana harusi, na kila mara mimi ningelazimika kwenda Thika kwa siri. Wala asingeweza tena kukaa nje ya nyumba yake akachonga kiazi, maana watu wangemwona. Aliweka kigoda changu kando ya chake cha tatu, ambacho kilikuwa karibu kumalizika na ambacho pia, nasikitika kusema, kilikuwa kimeinama kushoto. Akasema atafikiria. Nilirudi nyumbani.

Jumapili ile kanisa lilijaa hadi nje. Mzee Njau alikaa mbele na mke wake Waceke, amevaa suti ya kijivu, uso umekunjwa kama mtu anayeamuliwa kitu asichokubali. Hotuba zikatolewa, nyimbo zikaimbwa, kisha Waithira akachukua kipaza sauti akamwita mchongaji wetu. Kisilu akatoka nyuma akiwa amebeba vitu viwili vilivyofunikwa kwa leso. Viwili. Nilipoviona hivyo viwili niliinamisha kichwa kama mtu anayeomba, na kwa kweli nilikuwa naomba.

Akavifunua vyote. Kimoja kiling'aa. Kingine kilikuwa kimekaa pembeni yake kimeinama, kana kwamba kinakisikiliza.

"Watu wa Mungu," akasema, "hiki kizuri kimenunuliwa Thika. Hiki kingine nimechonga mimi. Mwezi wa tisa mlinipigia makofi nikanyamaza, kwa sababu ilikuwa tamu. Ukweli ni kwamba mimi sijui kuchonga. Najifunza. Na napenda sana kujifunza, kwa hivyo tafadhali msinipatie kazi ingine."

Hakunitaja. Angeweza kunitaja, na hakunitaja, lakini watu wenye kumbukumbu walianza kugeuka mmoja mmoja kuangalia benchi langu. Rachael alinitazama pia, na huyo ndiye aliyeniuma zaidi. Nikasimama, safari hii bila kupenda, nikasema aliyemsemea Kisilu ni mimi, na kwamba niliuza msasa nikadhani nimeuza ujuzi. Watu wakacheka, na kicheko kile kikatuokoa sote.

Mzee Njau alikuwa ameinuka. Alikikalia kwanza kile cha Kisilu, na taratibu kikamwegemeza kwa mchungaji aliyekuwa ameinama kando kumsaidia, bega kwa bega. Kanisa likacheka tena. Akainuka, akakaa kwenye kile cha Thika, akajipima mgongo, akakubali kwa kichwa. Akasema kwa uwazi wake ule wa siku zote kwamba hiki ndicho atakachokwenda nacho, kwa sababu ana mgongo mbaya na hataki kumdanganya mtu. Kisilu alicheka kuliko watu wote. Nilikuwa nimemkazia macho, nikaona mabega yake yakishuka, na kwa muda wote wa wimbo wa kufunga hayakupanda tena.

Lakini jambo lenyewe lilitokea nje, wakati wa chakula. Tulikuwa tumeshika sahani za mukimo, mimi na Kisilu, nikimwomba msamaha kwa mara ya pili au ya tatu, Mzee Njau akaja akiwa hana sahani.

"Unachonga siku gani?" akamuuliza Kisilu.

Kisilu akasema Jumamosi, kuanzia saa nane.

"Nimeketi kwa kamati miaka ishirini na nne," Mzee akasema. "Kesho nikiamka sina hata mkutano mmoja. Hii mikono sijui itashika nini. Naweza kuja?"

Nimemjua Mzee Njau tangu nilipohamia huku, na sikuwa nimewahi kumsikia akiomba kitu. Alikuwa anaogopa. Mtu aliyetutisha sote miaka hiyo yote alikuwa anaiogopa Jumatatu. Kisilu akamwambia aje na nguo kuukuu.

Akaja. Siku ya kwanza alitaka tuanze kwa maombi, kisha tusome ajenda. Kisilu akamwambia maombi sawa, lakini ajenda hakuna. Mzee akatafakari jambo hilo kwa dakika kadhaa kisha akaomba apewe mti. Nasema "tuanze" kwa sababu nami nilikuwepo. Nilijisemea nimekwenda kupeleka msasa kama njia ya kuomba radhi. Jumamosi iliyofuata nilipeleka gundi. Ya tatu sikuwa na cha kupeleka, nikaenda hivyo hivyo, na Rachael akaniambia nifunge tu duka saa nane kama watu wengine wenye akili. Nilidhani wateja watanikimbia. Wamejifunza kuja asubuhi.

Kukaa, nakaa kwenye kile kigoda cha tatu. Ndicho kiti cha mgeni, na mgeni ni mimi. Huniinamisha kushoto, lakini nimezoea, na ninachonga mwiko wa ugali. Huu ni wa nne. Wa kwanza Rachael aliutazama akauliza kama ni wa kupaka rangi. Wa pili ulivunjika ndani ya sufuria. Wa tatu ndio anaopikia sasa, na wageni wakija huutoa jikoni ili wauone, ingawa hawajauliza. Mzee Njau amefika kwenye mguu wa pili wa kigoda chake na ameshaanza kupunguza. Hatumwambii kitu. Kila mtu ana haki ya kuipitia njia hiyo mwenyewe.

Wapo wanaopita kwenye uzio wakauliza kama tunauza. Zamani ningeruka kujibu. Sasa namwachia Kisilu, naye huwaambia hapana, karibuni chai.

Jumamosi iliyopita kulikuwa na jua la baada ya mvua. Mzee alikuwa anagombana na mguu wake wa kigoda kwa sauti ya chini, Kisilu anachonga kanga mwingine, ambaye safari hii ana kichwa kinachoonekana. Mimi nilikuwa nimefika kwenye shingo ya mwiko, pale ambapo ukiharakisha unavunja, kwa hivyo nilikuwa sifikirii duka, wala saruji, wala kitu chochote. Beth alikuwa jikoni, dirisha liko wazi. Tukasikia anacheka peke yake.

"Baba Becky," akaita, "leo mluzi umekuwa mzuri. Huo wimbo umetoa wapi?"

Kisilu aliinua kichwa, akanitazama, akamjibu bila kuniondolea macho.

"Si mimi, Mama Becky. Ni Muriithi."